Keki ya inchi 12 sio keki ya 8 na nusu yake: hesabu za duara nilizozielewa jikoni

Mi naoka keki nyumbani, nipo Morogoro, naoka za besdei, za sendofu, kicheni pati, ubarikio, na mara mojamoja harusi. Kitu nilichowaeleza wateja kuliko kingine chochote sio ladha wala aina ya krimu, ni kwa nini keki ya inchi 12 bei yake imepita mara mbili ya keki ya inchi 8. Mtu anakutumia meseji WhatsApp, "dada nimeona ya 8 unauza elfu 40, sasa ya 12 si itakuwa elfu 60 tu, zimeongezeka inchi 4?" Na ukimsikiliza vizuri wala hajakosea kujumlisha, 8 ukiiongezea nusu yake unapata 12, elfu 40 ukiiongezea nusu yake ni elfu 60, imekaa sawa kabisa. Shida ni kwamba zile inchi ni upana tu, unapitisha tepu katikati ya keki toka ukingo huu mpaka ule, na hakuna mtu anayekula upana. Watu wanakula eneo. (Na kimo pia, ila kimo nakiacha pembeni, keki zangu zote zinaenda juu inchi 4.)

Aliyenifundisha kuoka ni mama mmoja mtu mzima, tulikuwa tunamwita mama mkubwa hata sisi tusio ndugu zake, alianza kuoka enzi za sufuria na mkaa, moto kidogo chini moto mwingi juu ya mfuniko, na keki yake ikitoka hapo huwezi kujua kama haikupita kwenye oveni. Huyu mama hakuwa na fomula yoyote ya duara kichwani. Akinunua trei jipya anachukua kikombe cha chai, anajaza maji kwenye trei la zamani analolijua huku anahesabu vikombe, afu anahamia kwenye jipya anajaza mpaka kimo kilekile, anahesabu tena, basi kazi imeisha. La zamani likila vikombe 8 na jipya likala 18 anajua resipi inazidishwa mara mbili na robo. Yaani mayai, unga, sukari, kila kitu mara mbili na robo. Na alikuwa na neno lake, trei likiongezeka kidogo unga unaongezeka sana, analisema bila kukuangalia huku anapaka siagi.

Sasa yale maji yake na ile "pai r r" tuliyoimba shuleni ni kitu kimoja, ila mi nilikaa muda mrefu sijaviunganisha. Eneo la duara ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Keki ya inchi 8 nusu kipenyo chake ni 4, kwahiyo 4 mara 4 mara 3.14 unapata kama inchi za mraba 50. Ya inchi 12 nusu ni 6, 6 mara 6 mara 3.14 unapata 113. Gawa 113 kwa 50, hiyo hapo mbili na robo ya mama mkubwa, vikombe 18 kwa 8. Ndo maana kama ya 8 ni elfu 40 ya 12 inakuwa elfu 90, na hapo sijamwibia mtu.

Tena ukiwa unalinganisha duara na duara hata pai huihitaji, kwasababu ipo juu na ipo chini inajifuta yenyewe. Hata kugawa kwa mbili kutafuta nusu kipenyo huhitaji. Chukua upana wa trei uzidishe kwa wenyewe, basi. Trei la 6 ni 36, la 8 ni 64, la 10 ni 100, la 12 ni 144. Hizo namba nne nimezibandika kwenye kabati la jikoni, na resipi yangu mama ni ya inchi 8, unga gramu 320 mayai 5. Oda ya 10 ikija nafanya 100 gawa kwa 64, inakuja 1.56, kwahiyo unga gramu 500 na mayai 8 (inakuja 7.8 lakini yai halikatwi). Ya 12 ni gramu 720 na mayai 11. Ya 6 ni gramu 180. Muda wa kuoka haufuati hii hesabu jamani, huo angalia keki yenyewe, choma kijiti.

Ukiziangalia zile namba utaona kitu kitamu, 36 jumlisha 64 ni 100. Maana yake keki ya inchi 6 na keki ya inchi 8 ukiziweka pamoja ni sawasawa na keki moja ya inchi 10, sio karibu, ni sawasawa. Nilimwonyesha mume wangu ambaye ni fundi ujenzi akacheka, akaniambia hiyo si ndo 3, 4, 5 yetu ya kupata kona. Na kweli ndo yenyewe imezidishwa mara mbili, wao wanapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, mshazari ukitoka futi 5 kona ya msingi imekaa mraba. Mimi naitumia kwa wanaoulizia ghorofa mbili. Mtu anasema nataka ya 10 lakini naona kama itaonekana ndogo kwenye meza, namwambia tufanye ya 8 chini na ya 6 juu, unga ni uleule, mayai yaleyale, watu watakaokula ni walewale, ila kwenye picha inasimama. Hapo anachoongeza ni pesa ya krimu na kazi yangu tu.

Kuna likizo moja mtoto wa dada yangu alikuwa hapa kwangu, darasa la saba, anajiandaa na mtihani, akaniuliza, "Mama mdogo, sasa zile r mbili zinatoka wapi? Sisi tumeambiwa tukariri." Mi nikajua nimepata pa kupeleka keki iliyobaki. Ilikuwa ya inchi 8 haina krimu. Nikaikata katikati, kila nusu nikaikata vipande 8 vya pembe, jumla 16. Afu nikamwambia panga vipande vya nusu ya kwanza kwenye meza ncha zote ziangalie juu, vya nusu ya pili uvichomeke katikati yao ncha ziangalie chini. Akapanga. Ikatoka kitu kama mstatili, pembeni kimelala kidogo na juu na chini kina mawimbimawimbi, lakini mstatili unauona. Nikamuuliza kimo chake nini? Akapima, inchi 4, yaani urefu wa kipande kimoja kutoka ncha mpaka ganda, ambao ndo nusu kipenyo. Na urefu wake? Hapo akakaa. Nikamwambia angalia maganda, yale ya kahawia ya ukingo, nusu yako chini nusu yako juu, kwahiyo huo urefu ni nusu ya mzunguko wa keki. Mzunguko wote ni pai mara 8, inchi 25 na kidogo, nusu yake 12 na nusu na kidogo. Zidisha kwa 4. Akapata 50 na point zake, jibu lilelile la fomula.

Kwahiyo r moja ni urefu wa kipande, na r nyingine imejificha ndani ya nusu ya mzunguko, kwasababu nusu ya mzunguko ni pai mara r. Ukikata vipande 32 badala ya 16 yale mawimbi yanapungua, ukikata 100 (ukiwa na kisu na moyo) unaona mstari kabisa. Wazo la namna hii ni la zamani sana, Archimedes wa Sirakusa karne ya 3 kabla ya Kristo alishathibitisha kwamba eneo la duara ni sawa na pembetatu ya kona mraba, kitako chake urefu wa mzunguko mzima na kimo chake nusu kipenyo. Huyohuyo ndo aliyeibana pai kati ya 3 10/71 na 3 1/7 kwa kutumia maumbo ya pande 96. Ile 22 kwa 7 ya daftari la shule ni ukuta wake wa juu, inazidi kidogo tu, kwenye keki haionekani. Mtoto alisikiliza yote hayo huku mstatili unapungua upande wa kulia.

Sasa kuna sehemu ambayo hesabu ya yule dada wa elfu 60 ni sahihi kabisa, nayo ni ribon. Ribon inazunguka ukingo, na mzunguko unakua kwa mwendo uleule wa upana. Ya 8 inakula inchi 25, ya 12 inakula inchi 38, nusu tu imeongezeka. Kwahiyo ndani ya keki moja una vitu viwili vinavyokua kwa mwendo tofauti, cha pembeni kinakwenda polepole na cha juu kinakimbia. Krimu ndo inachanganya, maana krimu ya juu inafuata eneo na krimu ya ubavuni inafuata mzunguko mara kimo. Keki ya 8, juu ni inchi za mraba 50, ubavuni 25 mara 4 ni kama 100, yaani ubavu unakula krimu mara mbili ya juu. Ya 12 juu ni 113 ubavuni kama 151. Jumla ya 8 ni kama 150, jumla ya 12 ni kama 264, ambayo ni kama mara 1.75 na sio 2.25. Kwahiyo kwenye oda kubwa krimu inakusamehe kidogo, na hapo ndo nafasi yangu ya kupunguza bei mtu akilalamika sana, unga siugusi.

Trei la mraba nalo lina mambo yake. Mteja anaona inchi 8 duara na inchi 8 mraba anadhani ni kitu kilekile umbo tu limebadilika. Mraba wa 8 ni inchi za mraba 64 kamili, duara la 8 ni 50. Zile kona nne zinabeba 14, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya mraba mzima. Resipi ya mraba wa 8 ukiimimina kwenye duara la 8 itamwagika ndani ya oveni. Inabidi utafute duara la 9, kwasababu duara la 9 eneo lake ni 63.6, yaani 64 tu kwa jicho la mwokaji. Waokaji wengi wanalijua hili bila hesabu, wanasema tu mraba wa nane duara la tisa.

Nilivyokuja kusoma kwamba Wamisri wa kale walikuwa na sheria hiyohiyo nilifurahi mwenyewe jikoni. Kuna mafunjo aliyoyaandika mwandishi anaitwa Ahmose kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, Mskoti Alexander Henry Rhind akayanunua Luxor mwaka 1858, saivi yako British Museum London, na swali la 50 linauliza eneo la shamba la duara lenye upana 9. Jibu lake, toa sehemu moja ya tisa, inabaki 8, zidisha 8 kwa 8, 64. Hana pai, hana nusu kipenyo, anageuza duara la 9 kuwa mraba wa 8 na maisha yanaendelea. Kosa lake halifiki hata asilimia moja. Yule mama mkubwa na vikombe vyake wangeelewana sana na huyu bwana.

Hiyohiyo tofauti ya mraba na duara inakuuma kwenye bodi za kuwekea keki. Nilikuwa nakata mwenyewe kutoka kwenye bodi kubwa za mraba za inchi 24, na nikawa nawaza labda nikikata maduara madogo madogo taka zitapungua. Wapi. Ukitoa duara moja la 24, au manne ya 12, au tisa ya 8 yaliyopangwa kwa mistari, unatupa kilekile, asilimia 21 na nusu, kwasababu kila duara linakaa kwenye kimraba chake na kila kimraba kinapoteza kona zake. Njia ya kuokoa ni kupanga kwa kupishana, mstari wa pili ukae kwenye mabonde ya mstari wa kwanza. Kwa bodi kubwa kubwa hiyo haisaidii maana hazikai nyingi, ila kwenye biskuti inasaidia sana, nikisukuma unga mpana na kukata kwa kupishana mabaki ya kusukuma tena yanakuwa machache waziwazi.

Kukata keki ya kula ndo hesabu ambayo ma-MC na kamati hawaijui halafu lawama zinakuja kwa mwokaji. Kwenye sherehe keki ya 8 ukiikata pembe 12 kila mtu anapata kipande cha heshima. Ukija na ya 12 watu wanaikata pembe 12 vilevile au labda 16 wanasema haijatosha, wakati kila kipande pale ni kikubwa karibu mara mbili ya kile cha ya 8. Kwa ukubwa uleule ya 12 inatoa vipande 27. Ila ukijaribu kukata pembe 27 kutokea katikati unapata vitu vyembamba vinavyodondoka kabla havijafika kwenye sahani.

Kwahiyo mi nawafundisha hivi. Chukua sahani au mfuniko wa upana wa inchi 8, uweke katikati ya keki ya 12, zungushia kisu. Sasa una keki ya 8 katikati na mkanda wa inchi 2 kuizunguka. Ya katikati ikate pembe 12, mkanda ukate vipande 15, na vyote 27 vina ukubwa sawa. Watu hawaamini hapa, wanaona mkanda ni mwembamba, inchi 2 tu, ya katikati ndo keki. Lakini toa, 113 ondoa 50, mkanda una 63. Zaidi ya nusu ya keki ipo kwenye zile inchi 2 za pembeni. Ndo maana ukingo ukiungua usijidanganye kwamba umepoteza kidogo, na ndo maana mtoto anayepita anachota krimu kwa kidole pembeni pembeni anaweza kumaliza keki huku katikati hajagusa.

Kuna aina nyingine ya kukata, kisu kinapita moja kwa moja bila kugusa kati, kinaondoa kipande chenye mgongo wa mviringo na tumbo lililonyooka. Hii nilikutana nayo kwa sababu ya zile keki za kusimamishwa wima kama gurudumu, watu wanazipenda wanaandika jina mbele. Haiwezi kusimama bila kukatwa chini ikae bapa. Wateja wanaogopa, wanasema unanikatia keki yangu unabaki nayo. Eneo lake unalipata hivi, chora mistari miwili kutoka katikati kwenda kwenye ncha mbili za mkato, unapata pembe ya keki kama ya kawaida, tafuta eneo la hiyo pembe nzima afu toa ile pembetatu ya juu yake. Tuseme umekata inchi 2 kutoka ukingoni kwenye keki ya 8, yaani robo ya upana. Ile pembe inakuwa nyuzi 120, theluthi ya duara, kama 16.8. Pembetatu ina kimo 2 na kitako 6.9, eneo lake 6.9. Toa, inabaki 9.8 katika 50. Hiyo ni asilimia 20 bado kidogo, sio 25 kama upana unavyodai. Na mi huwa sikati inchi 2, nakata 1, hapo kinachotoka ni inchi za mraba 3.6 tu, asilimia 7. Kipande hicho ndo nawatumia waonje, ugomvi unaisha.

Juzi kati kaja mteja wa besdei ya miaka 30, anataka namba 3 na 0. Ile 0 nikamwambia nitaifanya duara la 10 lenye shimo la inchi 4 katikati. Akasema poa, basi nipunguzie, si katikati hamna kitu? Nikamwambia subiri. Shimo la 4 ni 16, keki ya 10 ni 100, umepungukiwa na asilimia 16 ya keki, sawa, unga huo nakurudishia. Lakini shimo lina ukuta, na ukuta unapakwa krimu. Keki nzima ya 10 ilikuwa ipakwe juu 78.5 na ubavuni 126, jumla kama 204. Yenye shimo juu ni 66, ubavu wa nje 126 uleule, ubavu wa ndani 50, jumla 242. Krimu imepanda asilimia 18, tena huko ndani kisu cha kulainishia hakigeuki vizuri unafanya kwa kijiko na subira. Unga umeshuka, krimu imepanda, bei imebaki palepale. Akakaa kimya kidogo, anatype anafuta, afu akaandika, "haya dada nimekuelewa, basi hapo kwenye shimo nijazie matunda." Nikamjibu matunda yana bei yake.